Mtumba si feki: kununua fimbo za gofu zilizotumika bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Shemeji yangu alinitumia picha saa nne usiku. Begi la gofu limeegemezwa ukutani, fimbo kumi na mbili ndani yake, jina la kampuni kubwa ya Marekani limeandikwa ubavuni kwa herufi nyekundu. Vichwa vya fimbo bado viko ndani ya nailoni. Bei, shilingi 45,000 za Kenya. Chini muuzaji ameandika: "Mtumba safi kutoka Uingereza, mwenyewe anahama." Shemeji naye akaongeza la kwake: "Watu wanasema mitumba ya gofu yote ni feki. Ni kweli?"

Swali hili huja kila mwaka baada ya Kenya Open, watu wakishatazama mashindano kwenye runinga na mikono ikaanza kuwawasha. Fimbo mpya ni ghali, kwa hiyo macho yote huelekea kwenye mitumba. Na hapo ndipo maneno huchanganyika.

Mtumba ni habari ya maisha ya kitu: kilikuwa na mwenyewe, kikatumika, kikauzwa tena. Feki ni habari ya kuzaliwa kwake: kimetengenezwa na mtu asiye na haki ya kubandika lile jina. Haya mambo mawili hayana undugu. Shati la soko la Kongowea, Mombasa, linaweza kuwa limevaliwa miaka mitatu na bado likawa halisi kabisa, huku lile lililoning'inizwa dukani na lebo yake likawa limeshonwa uchochoroni. Fimbo za gofu ni hivyohivyo. Ukishatenganisha haya mawili, nusu ya hofu inaondoka, na nusu iliyobaki unajua pa kuielekeza.

Kuna jamaa wengine wawili wanaofananishwa na feki bila haki. Wa kwanza ni fimbo iliyofanyiwa marekebisho: kichwa ni cha kampuni, lakini shafti imebadilishwa, au imekatwa imfae mtu mfupi, au gripu ni mpya. Hiyo ni sawa na gari lililobadilishwa matairi. Wa pili ni fimbo ya kuiga. Umbo lake linafanana na lile la kampuni kubwa, ila jina ni lake mwenyewe, pengine linalokaribiana kimatamshi. Ubora wake ni suala jingine, lakini hajajidai kuwa mtu mwingine. Feki ni yule anayetembea na kitambulisho cha mwenzake.

Sasa tuitazame fimbo yenyewe, kwa faida ya asiyewahi kuishika. Chini kuna kichwa, na sehemu yake inayogonga mpira huitwa uso. Kichwa kina shingo, na ndani ya shingo huingizwa shafti, yaani ule mti mrefu wa chuma au wa nyuzi za kaboni. Pale shafti inapoingia shingoni pana pete ndogo ya plastiki, mara nyingi nyeusi. Juu kabisa ni gripu, mpira wa kushikia. Gundi ya epoksi ndiyo inayounganisha kichwa na shafti. Draiva ni ile ndefu yenye kichwa kikubwa kama embe dodo, ayoni ni zile nyembamba za chuma zenye namba, weji ni za kuinua mpira karibu na bendera, na pata ni ya kusukumia shimoni. Sheria za gofu zinakuruhusu kubeba fimbo 14, lakini hakuna sheria inayokulazimisha kuzijaza.

Sitaki kuliacha hilo la mwisho lipite hivihivi, maana linaokoa fedha. Severiano Ballesteros, Mhispania aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978 pale Muthaiga, alijifunza gofu utotoni akipiga mipira ufukweni kwao Pedreña kwa ayoni moja tu, namba 3. Anayeanza anatosheka na fimbo saba. Muuzaji anayekwambia lazima ununue seti nzima na begi lake anauza begi.

Basi feki zinapatikanaje? Wanaotengeneza bidhaa bandia hawana muda wa kunakili kila kitu. Wananakili kinachotafutwa: draiva iliyotoka mwaka huu, ayoni ambazo bingwa fulani alionekana nazo mwezi uliopita, pata za majina yanayolipiwa kama vito. Kutengeneza moldi ya kichwa kunagharimu fedha, na fedha hiyo hurudi tu iwapo jina linauzika. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba kampuni zinazoshindana sokoni kila siku, kama Callaway, PING, TaylorMade na Acushnet inayomiliki Titleist, ziko pamoja katika kikundi kimoja cha kupambana na bidhaa bandia, kilichoanzishwa mwaka 2004.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wanunuzi wengi hulishika kinyume. Wanakimbia fimbo kuukuu iliyochubuka kwa kuogopa feki, wanakwenda kwenye ile inayong'aa. Lakini fimbo ya miaka kumi na mbili iliyopita, ya aina ambayo hata wauzaji wameisahau, nani ahangaike kuighushi leo auze kwa bei ya chakula cha jioni? Mchubuko wa kitako (sehemu ya chini ya kichwa), mifereji ya uso iliyolika pale katikati tu, alama za gumba kwenye gripu, hivyo vyote ni ushahidi kwamba fimbo imeishi. Cha kuogopwa ni upya ulio rahisi. Draiva mpya ya kampuni kubwa imekuwa ikiuzwa Marekani kwa karibu dola 600, peke yake. Yule muuzaji wa shemeji alikuwa akitoa draiva, ayoni, weji, pata na begi kwa kitu kama dola 350. Tena huo ni mtumba gani ulio ndani ya nailoni?

Nilimwambia shemeji asitume hata senti. Amwombe muuzaji tuonane, na mimi nitakuja na mzee mmoja aliyebeba mabegi ya wachezaji tangu ujana wake. Makedi wa zamani ni maktaba. Wameshika fimbo nyingi kuliko wengi wa wale wanaowabebea.

Tulikutana asubuhi chini ya mwarobaini, nje ya uwanja. Muuzaji, kijana mchangamfu, alifungua buti ya gari. Mabegi yalikuwa matatu, rangi ileile, herufi zilezile nyekundu. Mzee aliyatazama, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu anayehama anacheza kwa mikono mingapi?"

Kisha akachukua draiva, akaitoa nailoni. Jina hakulisoma kwanza. Alipitisha ukucha kwenye herufi. Rangi nyekundu ilikuwa imevuka ukingo wa herufi mbili, kama rangi ya mdomo iliyopakwa ndani ya matatu inayokwenda. Fimbo halisi hujazwa rangi kwa mpangilio safi, hata miaka ikishaifuta. Akashuka kwenye ile pete ya plastiki shingoni. Palikuwa na mwanya wa kuingia ukucha, na tone la gundi limegandia nje. Hili si suala la urembo. Gundi ikiwa mbaya, siku moja kichwa hutoka na kuruka kwa kasi kikielekea alikosimama mwenzako. Mzee anasema amewahi kuokota vichwa viwili vya namna hiyo kwenye nyasi.

Ayoni alizipanga ukutani kwa namba, kuanzia 4 hadi weji. Fimbo zilizotengenezwa vizuri hushuka urefu kwa hatua sawa, takriban nusu inchi kutoka namba moja hadi inayofuata, kama wanafunzi waliopangwa kwa kimo. Uzito wa vichwa nao huenda kinyume: kadiri fimbo inavyokuwa fupi ndivyo kichwa kinavyozidi, kama gramu 7 kila hatua, ili mkono wako uhisi fimbo zote ni za familia moja. Hizi za kijana zilikuwa na 6 na 7 za kimo kimoja, halafu 8 imeruka chini ghafla. Ukiwa na mizani ya jikoni, draiva nzima huwa karibu gramu 300 hivi. Ikizidi au kupungua sana, uliza.

Halafu ikaja sumaku. Mzee hutembea nayo mfukoni, aliitoa kwenye spika mbovu. Aliiweka kwenye shafti ya ayoni, ikanasa. Akaiweka kwenye kichwa, ikaanguka mchangani. Ayoni nyingi za kampuni kubwa huwa za chuma cha pua cha aina inayovutwa na sumaku, au chuma cha kaboni kilichofuliwa. Kichwa kisichovutwa kabisa huenda ni cha aloi ya zinki, ambayo ni laini, haipindiki kurekebishwa bila kuvunjika, na hutumika kwenye seti za bei ya chini. Hakuna aibu kuuza fimbo ya zinki. Aibu ni kuiuza kwa jina la chuma.

Ila sumaku nayo ina mipaka yake, na nimeona watu wakiigeuza kuwa mganga. Draiva za kisasa huwa na titani, ambayo sumaku haiigusi, kwa hiyo watu husema: haikunasa, basi ni halisi. Aluminiamu nayo haivutwi na sumaku. Feki ya aluminiamu itafaulu mtihani wako kwa alama zote. Kwa upande mwingine, draiva za zamani nyingi zilikuwa za chuma. Big Bertha ya Callaway, iliyotoka mwaka 1991 na kubadilisha kabisa sura ya draiva, ilikuwa ya chuma cha pua. Hiyo sumaku itainasa, na ni halisi. Sumaku ni shahidi mmoja. Hakimu ni jumla ya mashahidi.

Mwisho mzee aliomba miwani. Alisoma namba ndogo iliyochorwa shingoni mwa draiva, akamwambia shemeji aiandike kwenye simu. Akaenda kwenye buti, akavuta draiva ya begi la pili, akasoma. Namba ileile. Ya begi la tatu, ileile. Kijana akaanza kuzungumzia foleni ya Nyali.

Hapa inafaa tukumbuke habari ya simu. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, Tanzania ikafuata mwezi Juni 2016, na wote tulijifunza kubonyeza *#06# kusoma IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Wengi wanadhani namba ya fimbo inafanya kazi hiyohiyo. Haifanyi. Simu huzungumza na mtandao, na mtandao unajua. Fimbo haizungumzi na mtu. Mghushi anachukua namba moja kutoka fimbo moja halisi na kuichora kwenye maelfu. Kwa hiyo kuwepo kwa namba hakuthibitishi kitu, ila namba moja kurudiwa kwenye draiva tatu kunamaliza kesi. Penye faida ni pale kampuni inapoweka kumbukumbu. PING, kwa mfano, huchapa namba moja kwenye ayoni zote za seti, na ukiwaandikia wanaweza kukwambia seti ile ilitoka kiwandani ikiwa na vipimo gani. Ukikuta seti ya PING ambayo ayoni mbili zina namba tofauti na wenzake, haimaanishi feki moja kwa moja. Pengine mwenyewe alipoteza mbili ziwani akanunua nyingine. Lakini mwulize, na bei ishuke.

Kuna imani nyingine zinazozunguka vijiweni. Ya kwanza ni kwamba fimbo yoyote iliyotengenezwa China ni feki. Kampuni kubwa zenyewe hutengenezesha vichwa vyake vingi China na kwingineko Asia, kisha fimbo huunganishwa hukohuko au Marekani na Meksiko. Maandishi ya China hayakuambii lolote. Inayofuata inatokana na hiyo: "Hizi ni halisi, ni za kiwanda kilekile, zimetokea mlango wa nyuma." Muuzaji anaposema hivi huwa ameshakiri nusu. Fimbo si kitu cha kiwanda kimoja. Kichwa kinatoka kwa mmoja, shafti kwa mwingine, gripu kwa wa tatu. Hata kichwa kikiibwa kweli, mwizi atakitia shafti gani, na kwa gundi gani? Utabaki na kichwa cha mfalme juu ya shingo ya kuazima.

Kutu nayo imesingiziwa. Sisi wa pwani tunaijua chumvi ya hewa hii. Shafti ya chuma huanza kuota vidoa pale kromu ilipochubuka, na weji nyingine huuzwa bila kupakwa kromu kwa makusudi, zishike kutu. Kutu nyekundu ni ya chuma. Zinki haioti kutu nyekundu. Kwa hiyo vidoa vichache vya kutu vinaweza kuwa habari njema kuliko mng'aro. Kinachofaa kuogopwa ni kutu iliyokula ndani, hasa chini ya gripu na pale shingoni, kwa sababu shafti huvunjikia hapo.

Na kuna wale wanaopima uhalali kwa umbali: "Nimepiga namba 7 yadi nyingi kuliko ya rafiki yangu, basi hii ndiyo halisi." Mwinamo wa uso wa ayoni umekuwa ukibadilika. Namba 7 ya zamani ilikuwa na nyuzi kama 34 au zaidi, ya leo nyingi zina 30 au chini yake. Maana yake namba 7 ya kisasa ni namba 6, pengine 5, ya zamani iliyobadilishwa shati. Ukinunua seti kuukuu usishtuke mpira ukienda juu zaidi na karibu zaidi. Ndivyo ilivyozaliwa. Feki kwa upande wake hupotoka bila utaratibu: 6 na 7 zinatua mahali pamoja, 9 inakwenda ilikojua yenyewe, na wewe unajilaumu mikono.

Watu huniuliza pia kama pata feki ina ubaya gani, maana kazi yake ni kusukuma tu. Sitadanganya: mpira utabingirika. Pata haipigwi kwa nguvu, haitakuumiza. Lakini umelipia jina ambalo halipo, na siku ukitaka kuiuza utakuwa wewe ndiye unayesimama mbele ya mwarobaini. Sheria haicheki na hilo. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 na mamlaka yake, ACA. Tanzania kazi hiyo inafanywa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Wanaolengwa ni wanaoingiza na kuuza, na mtu anaweza kuvuka kutoka mnunuzi kuwa muuzaji kwa tangazo moja la WhatsApp.

Kwa anayenunua kwa mbali, dai picha za leo, siyo za matangazo: shingo, kitako, uso, ile pete, na maandishi ya shafti. Mwambie aweke karatasi yenye tarehe kando ya fimbo. Mwulize alicheza wapi na kwa nini anauza. Mwenye fimbo kweli huwa na hadithi ndefu kuliko unavyohitaji, atakusimulia hadi goti lake linavyouma. Kisha mwulize swali la kizembe: "Unazo ngapi kama hizi?" Akijibu kwamba unaweza kuchukua hata tano, umeshajua. Na kabla ya kulipa, peleka fimbo kwa mwalimu wa gofu wa klabu yoyote iliyo karibu. Huhitaji kuwa mwanachama ili kuuliza, na wengi wao watakupa jibu kabla hujamaliza salamu.

Kijana wa mabegi matatu hatukugombana naye. Alisema na yeye aliuziwa hivyohivyo na mtu wa jijini, na huenda ni kweli. Alifunga buti akaenda.

Wiki tatu baadaye shemeji alinunua ayoni nane za PING kutoka kwa mwanachama mmoja anayestaafu gofu kwa sababu ya mgongo. Zina zaidi ya miaka kumi. Kitone cheusi shingoni, ambacho kwa PING ni alama ya mkao wa kawaida wa kichwa, kimefifia lakini kipo, namba ni moja kwenye zote nane, na gripu zilikuwa zimekauka kama tairi la baiskeli ya babu. Alilipa 18,000, akabadilisha gripu zote. Draiva hana bado. Mzee alizipanga ukutani, akazipitisha sumaku moja moja, zote zikanasa. Akamrudishia.

"Fimbo ni nzuri," alisema. "Mwalimu umeshampata?"